Dakika tano za mbunge wa upinzani kwenye bajeti ya afya: namna ya kuziandaa

Mbunge wa upinzani kwenye Bunge la Tanzania, Dodoma, hana kura za kuiangusha bajeti, na Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kuipitisha. Kwa hiyo mchango wake hupimwa kwa jambo moja tu: Waziri anapohitimisha hoja yake, je, atalazimika kuijibu hoja ya mbunge huyo kwa kuitaja, na jibu lake libaki kwenye Hansard, yaani Taarifa Rasmi ya mijadala ya Bunge? Mchango uliofanya kazi ni ule uliomfungia Waziri njia ya kusema "tumepokea ushauri wa Waheshimiwa Wabunge na tutaufanyia kazi" kisha akakaa.

Mwongozo huu ni wa mbunge na msaidizi wake. Tumechukua Wizara ya Afya kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi: kila mbunge ana zahanati isiyo na dawa jimboni, kila mmoja anadhani anaijua sekta, na matokeo yake ni michango inayofanana kama mapacha.

Ombi kwanza, hotuba baadaye

Ukikaa kuandika kabla hujajua unaomba nini, utaandika malalamiko: dawa hakuna, wauguzi wachache, wajawazito wanateseka. Yote yatakuwa kweli, na yote yatasemwa siku hiyohiyo na wabunge wa chama tawala, tena kwa sauti kubwa kuliko yako.

Ombi lina mipaka ya kikatiba. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, ikiwemo kujadili utekelezaji wa kila Wizara wakati wa mkutano wa bajeti. Lakini Ibara ya 99 inasema mambo ya kutoza kodi, au kuibadilisha kwa namna nyingine yoyote isipokuwa kuipunguza, na ya kutoa fedha kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, hayashughulikiwi mpaka Rais ayapendekeze kupitia Waziri. Maana yake, "naomba Serikali iongeze bajeti ya dawa" unaweza kuisema mpaka jioni, lakini hakuna hatua ya kikanuni inayoweza kufuata baada yake.

Yako maombi manne yanayoshika. La kwanza ni kutaka fedha ambayo Bunge lilikwisha kuiidhinisha itolewe, kwa kutaja kasma (mstari wa matumizi kwenye bajeti) na tarehe. La pili ni kutaka utaratibu ulio mikononi mwa Waziri mwenyewe ubadilishwe: mwongozo, waraka, kanuni, bei ya huduma. La tatu ni kupunguza kodi au tozo. La nne ni kutaka taarifa iletwe mbele ya Kamati, au CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, aombwe kufanya ukaguzi maalum.

La pili ndilo tunalolipendekeza zaidi, kwa sababu Waziri hapati nafasi ya kuisingizia Hazina. Mwaka 2023 NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ilipositisha usajili wa mtoto mmojammoja kwenye Toto Afya Kadi, bima ya watoto iliyokuwa ikilipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na kuwaelekeza wazazi kusajili kupitia shule au vifurushi vya familia, halikuhitajika badiliko la sheria. Jambo lililobadilishwa kwa uamuzi wa kiutawala linaweza kuombwa kwa maneno mawili: Waziri, elekeza.

La tatu linahitaji uangalifu. Katika Bunge la 11, Upendo Peneza, mbunge wa viti maalum wa CHADEMA, alisimamia kwa nguvu suala la taulo za kike. Bajeti ya 2018/19 ikatoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye taulo hizo. Bajeti ya 2019/20 ikairudisha kodi hiyo, na hoja ya Serikali ikawa kwamba bei madukani haikushuka. Fundi wa kodi angeliona tatizo hili mapema. Bidhaa iliyosamehewa VAT haimruhusu mzalishaji kudai kodi aliyokwisha kulipa kwenye malighafi, kwa hiyo kodi hiyo inabaki imejificha ndani ya bei. Bidhaa inayotozwa VAT kwa kiwango cha sifuri inamruhusu kuidai. Juu ya hapo, hakuna aliyepewa kazi ya kupima bei kabla na baada. Ombi kamili la kodi lina sehemu tatu: aina ya nafuu, atakayepima bei, na lini matokeo yataletwa. Ukiacha sehemu moja, mwaka unaofuata utaambiwa nafuu "haikumfikia mlaji", na hutakuwa na takwimu ya kubisha.

Siku sahihi, fungu sahihi

Kosa linalofanywa kila mwaka, hata na wabunge wazoefu, ni kuileta zahanati kwenye bajeti ya Wizara ya Afya. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya viko chini ya halmashauri, kwa hiyo ni vya Ofisi ya Rais – TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Fungu 56, yaani namba yake kwenye vitabu vya bajeti, pamoja na mafungu ya mikoa. Wizara ya Afya, Fungu 52, inashika sera, chanjo, hospitali za rufaa za mikoa (zilizohamishwa kutoka TAMISEMI), za kanda, maalum na ya Taifa, na taasisi kama Bohari ya Dawa, yaani MSD. Tume ya Kudhibiti UKIMWI ina fungu lake, 92. Bajeti ya TAMISEMI hujadiliwa mapema, kwa kawaida Aprili. Ya Afya hufuata Mei. Ukiibeba hoja ya boma la zahanati la kijijini, yaani jengo lisilokamilika, hadi Mei, Waziri wa Afya atakujibu kwa adabu kwamba mwenzake wa TAMISEMI amekusikia. Umepoteza dakika tano.

Mambo ya kodi yana siku zake: mjadala wa hotuba ya bajeti ya Serikali mwezi Juni na Muswada wa Sheria ya Fedha unaoufuata. Na anayetaka kugusa bajeti kabla haijakauka, nafasi yake ni mkutano wa Novemba, Serikali inapoleta mapendekezo ya mpango na mwongozo wa bajeti ya mwaka ujao. Wengi huutumia mkutano huo kuhutubia. Ni hasara, kwa maana huo ndio wakati Hazina haijafunga vitabu.

Kuna pia Kamati ya Bunge ya Afya na Masuala ya UKIMWI, ambayo huchambua makadirio ya Wizara kabla hayajafika ukumbini. Huko hakuna kamera wala makofi, na ndiko tarakimu zinakobadilika. Mbunge wa upinzani asiye mjumbe apeleke hoja yake ya maandishi kwa mjumbe anayeheshimiana naye, bila kujali chama. Hoja ikiingia kwenye taarifa ya Kamati, ukumbini unaanza na sentensi nzito: "Kamati yako imesema hivi, ukurasa fulani." Ni vigumu kwa mtu kusimama na kuiita hiyo siasa za upinzani.

Nyaraka za mezani

Hotuba ya Waziri ya mwaka huu haitoshi. Weka pembeni yake ya mwaka jana, ufungue sehemu ya utekelezaji kwenye zote mbili. Tafuta kitu kilichoahidiwa mwaka jana ambacho mwaka huu hakikutajwa kabisa. Mawaziri hawapendi kuandika "tumeshindwa", wanaacha kuandika. Ukimya huo ndio mgodi wako.

Vitabu vya makadirio ni vinne. Kitabu cha Pili kina matumizi ya kawaida ya wizara, cha Tatu ya mikoa, cha Nne miradi ya maendeleo, kila mradi na namba yake, ukigawanyika fedha za ndani na za nje. Kwenye matumizi ya kawaida tenganisha mishahara na matumizi mengineyo, maana wizara inaweza kuonekana imeongezewa fedha kumbe ni mishahara imepanda na mafuta ya magari ya chanjo yamepungua.

Ripoti za CAG hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwekwa mezani Bungeni Aprili, wiki chache kabla ya bajeti ya Afya. Usisome moja. NHIF na MSD ziko kwenye ripoti ya mashirika ya umma. Dawa zilizokwisha muda kwenye zahanati ziko kwenye ripoti ya Serikali za Mitaa. Majengo ya hospitali yanaweza kuwa kwenye ripoti ya miradi ya maendeleo. Na ripoti za ufanisi mara nyingine zina sura nzima ya huduma moja. Zingatia mambo mawili. Ripoti inayotoka Aprili inahusu mwaka wa fedha ulioishia Juni ya mwaka uliopita, kwa hiyo Waziri anaweza kukujibu kwamba hoja imekwisha fungwa. Kabla ya kusimama, pitia sehemu inayoonyesha hali ya utekelezaji wa mapendekezo. Pili, hoja ya ukaguzi si hukumu. Sema "CAG amebaini malipo yasiyo na nyaraka." Ukisema "wameiba", utatakiwa kuthibitisha wizi, na CAG hakuuandika.

Uzito wa ripoti hizo si wa kudhani. Aprili 2012, baada ya taarifa za CAG na za kamati za Bunge kujadiliwa, Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa CHADEMA, alizunguka kukusanya sahihi za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Ibara ya 53A inataka angalau asilimia 20 ya wabunge wote. Hoja haikufika kupigiwa kura, lakini Mei Rais alibadilisha Baraza la Mawaziri, na Waziri wa Afya pamoja na Naibu wake, waliokuwa wametoka kwenye mgomo wa madaktari wa mwanzo wa mwaka huo, hawakurudi.

Kwa michango ya nyuma, tovuti ya Bunge ina Hansard na ukurasa wa kila mbunge wenye maswali na michango yake. Tafuta waziri alichowahi kukisema kuhusu jambo lako, ukiwa na tarehe na kikao. Nukuu ya waziri mwenyewe ina nguvu kuliko takwimu yoyote ya shirika la nje.

Hesabu ambazo hazitakuangusha

Kuna hesabu tatu za kufanya, na zote zina mitego.

Ya kwanza ni kiwango cha fedha zilizotoka. Tuseme mradi uliidhinishiwa shilingi bilioni 40 na hadi mwisho wa Machi zimetoka bilioni 12. Hiyo ni asilimia 30, wakati miezi 9 kati ya 12 imekwisha, yaani asilimia 75 ya mwaka. Pengo hilo linasomeka na mtu yeyote. Lakini usikimbilie kulaumu: fedha za wahisani huja kwa mkupuo, na mradi wenye zabuni ndefu hulipa mwishoni. Angalia mwaka uliotangulia. Ikiwa nao uliishia Juni ukiwa chini ya nusu, hapo una hoja. Ikiwa ulifika asilimia 95 ndani ya robo ya mwisho, Waziri atakuaibisha.

Ya pili ni sehemu ya afya kwenye bajeti yote. Azimio la Abuja la 2001 liliweka lengo la asilimia 15, na kila mwaka yuko mbunge anayegawanya Fungu 52 kwa bajeti nzima ya Serikali na kutangaza asilimia ndogo ya kutisha. Naibu Waziri anasimama, anakumbusha kwamba kuna fedha za afya TAMISEMI, mikoani na kwenye fungu 92, na mchango wote unaanguka kwa tarakimu moja. Jumlisha mafungu yote ya afya, kisha utamke wazi unachogawanyia: bajeti yote, au bajeti ukiondoa malipo ya deni la Taifa. Majibu mawili hutofautiana sana. Chagua moja, lishike mwaka hadi mwaka.

Ya tatu haitumiki inavyostahili: thamani kwa kichwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na ongezeko la wastani tangu 2012 lilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Bajeti ya dawa ikipanda kwa asilimia 5 katika mwaka ambao bei zimepanda kwa asilimia 3, mwananchi mmoja amepunguziwa, hata kama hotuba inasema ameongezewa. Hesabu hii inaeleweka kwenye kijiwe cha kahawa na haina pa kubishiwa.

Takwimu za Serikali zinazopendeza zisikutie hofu, wala usizikanushe bila ushahidi. Mfano ni vifo vya uzazi: utafiti wa kaya wa 2022 ulitoa vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 kwenye utafiti wa 2015–16. Mbunge anayesimama na kusema "takwimu hizi za kupika" anaombwa uthibitisho na hana. Mbunge mwenye akili anaipokea namba, anakumbusha kwamba ni makadirio yenye kiwango cha chini na cha juu, kisha anageukia namba jirani kwenye utafiti uleule: wanawake waliojifungulia kwenye kituo cha afya walikuwa asilimia 81. Waliobaki 19 wako wapi, mikoa gani, na kasma ipi inawafuata? Hapo Waziri hana sababu ya kugomba, na hana jibu la jumla.

Kuandika kwa ajili ya kengele

Muda wa kuchangia kwa kawaida ni dakika 5 au 10, na Kiti, yaani Spika au anayeongoza kikao, kinaweza kuupunguza wachangiaji wakiwa wengi. Andaa matoleo mawili tangu mwanzo. Msemaji wa kawaida wa Kiswahili husoma maneno 110 hadi 130 kwa dakika akieleweka, kwa hiyo dakika tano ni kama maneno 600. Andika 450. Yanayobaki yataliwa na salamu, "Mheshimiwa Spika" ya kila aya, na Taarifa mbili za kukukatiza.

Shukrani zisizidi sentensi moja. Kumshukuru Mungu, Spika, mke, watoto na wapiga kura ni dakika nzima, na kamera haijakuzoea bado.

Mpangilio unaofaa uko hivi. Sentensi ya kwanza itaje jambo: "Mheshimiwa Spika, nitazungumzia jambo moja, Kitabu cha Nne, Fungu 52, mradi wa ukarabati wa hospitali za rufaa za mikoa." Ya pili na ya tatu zitoe tarakimu na chanzo chake. Kisha athari, kwa kituo halisi ulichokitembelea, lakini bila jina la mgonjwa wala maelezo yanayoweza kumtambulisha. Siri ya mgonjwa haifutwi na kinga ya Bunge, na familia yake haikukutuma. Kisha ombi, neno kwa neno kama unavyotaka liingie kwenye Hansard: "Naomba Waziri atakapohitimisha aliambie Bunge, kiasi kilichobaki kitatoka lini, na kama hakitatoka, atuambie hivyo." Ombi liwe limetamkwa kabla ya kengele ya kwanza. Baada ya hapo rudia tarakimu, jibu waliokutangulia, ongeza jambo la pili kama muda upo. Kengele ya pili ikilia ukiwa katikati ya kisa, Hansard itabaki na kisa kisicho na ombi.

Mwisho wa mchango, kusema unaunga mkono hoja au huiungi ni uamuzi, usiutamke kwa mazoea. Mbunge aliyechana bajeti kwa dakika tano kisha akamaliza na "naunga mkono hoja asilimia mia" amempa Waziri jibu la bure. Kama unaunga mkono kwa sharti, litaje sharti.

Kilichobaki kiandike na ukikabidhi kama mchango wa maandishi. Nao huingia kwenye Taarifa Rasmi. Jedwali, orodha ya vituo vyote vya jimbo, hesabu ndefu: mahali pake ni huko.

Ukumbini

Ukianza kuuma, watasimama. Taarifa ndiyo silaha ya kawaida: mbunge anaomba kukuongezea maelezo, Kiti kinakuuliza kama unaipokea. Kama ni ya kweli na inakusaidia, ipokee kwa sentensi moja. Kama ni ya kukupotezea muda, jibu ni fupi: "Mheshimiwa Spika, taarifa hiyo siipokei," kisha unaendelea pale ulipoachia. Usijibizane, kujibizana ndiko kulikotakiwa. Usitegemee kwamba dakika zilizoliwa zitarudishwa. Kuhusu Utaratibu ni jambo jingine: anayesimama anadai umevunja kanuni, na lazima uketi mpaka Kiti kiamue.

Kanuni zinazovunjwa mara nyingi kwenye mijadala ya afya ni za kuzungumzia shauri lililoko mahakamani (uzembe wa hospitali mara nyingi una kesi, kwa hiyo ulizia kabla), kulitumia jina la Rais kwa dhihaka au kushawishi uamuzi, na kusema jambo lisilo na ukweli. Namba za kanuni hubadilika toleo likibadilika, kwa hiyo fungua toleo linalotumika mwaka huo, usikariri la mtangulizi wako.

Ukidaiwa kuthibitisha, una njia mbili tu zenye heshima: kuwasilisha ushahidi ndani ya muda uliopewa, au kufuta kauli. Ndiyo maana kila tarakimu kwenye karatasi yako iwe na nakala ya ukurasa ilikotoka, kwenye faili unaloingia nalo. Na ushahidi ukishaukabidhi kwa Spika, usiupeleke kwa waandishi kabla hajatoa uamuzi. Juni 2024 Luhaga Mpina, wakati huo akiwa mbunge wa CCM, alisimamishwa vikao 15 baada ya kuuweka hadharani ushahidi aliokuwa ameuwasilisha kwenye sakata la vibali vya sukari. Kama aliyekuwa chama tawala hakusalimika, wewe usijaribu.

Kushika shilingi

Jibu la Waziri likiwa la kukwepa, bado kuna Kamati ya Matumizi. Hapo Bunge linapitia fungu kifungu kwa kifungu, na mambo ya sera huulizwa kwenye kifungu chenye mshahara wa Waziri, Kifungu 1001. Unasimama, unaomba ufafanuzi, unatamka mapema kwamba usiporidhika utaondoa shilingi. Waziri anajibu. Usiporidhika, unatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wake, wabunge wengine wanaichangia, na mwisho inapigiwa kura.

Mbunge wa upinzani atashindwa kura hiyo karibu kila mara. Faida iko kwenye yale majibu mawili ya Waziri kabla ya kura: chini ya shinikizo hilo hutoa ahadi ambazo kwenye majumuisho alizikwepa. Ukipata ahadi yenye tarehe, rudisha shilingi kwa heshima. Kung'ang'ania mpaka kura baada ya kupata ulichotaka ni kiburi, na mwaka ujao hakuna atakayesimama kukuunga mkono.

Mambo matatu yanaharibu zoezi hili. Kushika shilingi kwa swali la jimbo lako peke yako: wenzako hawana cha kuchangia. Kuchanganya mambo mawili: Waziri atajibu lililo jepesi. Na kuchelewa kuwasilisha jina kwa mnadhimu wa chama chako, kwa sababu muda wa Kamati ya Matumizi ni mfupi na unapokaribia kwisha vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa pamoja bila maswali.

Ongeza hapo suala la idadi. Kambi Rasmi ya Upinzani hutambuliwa vyama vya upinzani vikifikisha asilimia 12.5 ya wabunge wote. Kambi ikiwepo, kuna waziri kivuli na hotuba rasmi ya maoni ya upinzani, yenye nafasi ya kuweka sera mbadala nzima. Bunge la 12 halikuwa nayo, baada ya uchaguzi wa 2020 kuacha wabunge wachache mno wa upinzani. Katika hali hiyo gawaneni: mmoja ashike dawa, mwingine watumishi, mwingine bima. Wanane wakisema jambo moja wanahesabiwa kama mmoja.

Ikiwa ni muswada

Kwenye muswada, hotuba ni kazi ndogo; kazi kubwa ni jedwali la marekebisho. Anayelalamikia kifungu bila kuleta maneno ya kukibadilisha hajafanya kitu. Jedwali huwasilishwa kwa Katibu wa Bunge kabla ya siku ya Kamati ya Bunge Zima, na liandikwe kwa lugha ya kuchopeka: "Katika Ibara ya 5, kwa kufuta maneno haya na kuweka badala yake maneno haya." Kila badiliko liambatane na sababu ya mistari miwili. Pitisha rasimu kwa mwanasheria aone kama badiliko lako halijavunja ibara nyingine mbele, na kama haligusi mipaka ya Ibara ya 99.

Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ni somo zuri. Ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukiwa na masharti ya kuifungamanisha bima na huduma nyingine za Serikali kama leseni ya udereva, na viwango vilivyotajwa hadharani vilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita. Swali lililoukwamisha lilikuwa moja: wasio na uwezo watalipiwa na nani, kwa fedha ya wapi? Ulipita Novemba 2023 na kuwa Sheria Na. 13 ya 2023, safari hii ukitaja vyanzo vya mfuko wa wasio na uwezo, vikiwemo sehemu ya ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, vinywaji vikali na vipodozi. Kwa mbunge wa upinzani sheria hiyo ni swali la kila bajeti lisilohitaji ubunifu: kila chanzo kilileta kiasi gani, kiliingia lini, na kaya ngapi zimelipiwa.

Baada ya kikao

Hansard ikitoka, soma ulichosema na ulichojibiwa, siyo kile unachokumbuka. Andika ahadi ya Waziri kwenye jedwali lenye safu tano: maneno yake, tarehe na kikao, kasma inayohusika, muda aliojipa, na mahali pa kukagua. Ndani ya wiki mbili mwandikie Waziri barua ukinukuu maneno hayo na kuuliza hatua, nakala kwa Mwenyekiti wa Kamati. Muda ukipita, peleka swali la msingi, ukiwa umeshaandaa maswali mawili ya nyongeza. La kwanza litumie nukuu yake, la pili liombe tarehe mpya. Jambo likiwa la kisera na kubwa, kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu siku za Alhamisi, lakini huko usipeleke zahanati moja.

Novemba, mapendekezo ya mpango yakija, fungua jedwali lile. Ahadi isiyo na kasma kwenye mwongozo wa bajeti mpya haina fedha, na hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya mchango wako wa Mei.